Kinyesi, mkojo na mvua: kuendesha banda safi la nguruwe kwenye ploti ndogo Nairobi

Afisa wa afya ya umma akibisha geti lako, hataanza kwa kuuliza nguruwe wako wana kilo ngapi. Ataenda moja kwa moja nyuma ya banda kuangalia yale maji ya kijani yanaelekea wapi. Na kwa kawaida hakujileta. Kuna jirani aliyechoka.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa Kangemi, Uthiru, Mwiki, Njiru au Ruai mwenye nguruwe watano, kumi, labda ishirini, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo pia ina nyumba, kamba ya nguo na watoto wanaocheza.

Nionavyo, kinyesi chenyewe hakishindi mtu. Kinachoshinda watu ni kinyesi kilichochanganyika na mkojo, maji ya kuoshea na maji ya mvua. Kikiwa kikavu unakizoa kwa sepetu, unakirundika, unakifunga kwenye gunia, unakiuza. Kikishakuwa uji, hakibebeki wala hakirundikiki, na kinajitafutia njia chenyewe mpaka kwenye mtaro wa barabara. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini ni ya kutenganisha vitu.

1. Piga hesabu kabla ya kununua saruji

Nguruwe hutoa kwa siku kinyesi na mkojo wenye uzito wa kama asilimia 8 ya uzito wake. Wa kilo 60, basi, anatoa kilo 5 hivi, na karibu nusu yake ni mkojo. Nguruwe kumi wa ukubwa huo ni kilo 50 kwa siku, tani moja na nusu kwa mwezi.

Sasa weka hesabu ya maji kando ya hiyo. Mpira wenye presha nzuri ukiachwa wazi dakika kumi humwaga lita mia na zaidi. Paa la mita 4 kwa 6 likinyeshewa milimita 30, mvua ya jioni moja tu ya Aprili, linashusha lita 720. Yaani mvua moja inakuletea maji mara kumi na nne ya kile ambacho nguruwe kumi wametoa siku nzima. Anayeona nguruwe ndio wanaomjazia shimo, na aangalie paa lake kwanza.

Hesabu ya pili ni ya mahali. Andika kwenye daftari: kinyesi cha mwezi kitaenda wapi, na mkojo wa mwezi utaenda wapi. Kama huna shamba, lazima awepo mtu mwenye shamba aliyekubali kuchukua. Nguruwe wa kumi na moja asinunuliwe kabla kinyesi chake hakijapata pa kwenda.

2. Zuia mvua

Weka gata kwenye paa lote la banda, na uelekeze maji kwenye tangi. Jiji lenye mgao wa maji halina sababu ya kumwaga maji ya mvua kwenye mavi. Paa litokeze nje ya ukuta angalau nusu mita, maana mvua ya Nairobi ikija na upepo inaingia kwa ubavu. Ukiwa kwenye mteremko, kama kule Kangemi na Kabete, chimba mfereji upande wa juu wa banda ili maji ya ploti ya jirani yapite kando yasiingie sakafuni kwako.

Kazi hii imalizike kabla ya Machi, na ikaguliwe tena kabla ya Oktoba.

3. Sakafu na mtaro

Sakafu ya zege ishuke sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja tu. Ikiwa tambarare, mkojo unasimama. Ikiinama sana, nguruwe mwenye mimba atateleza. Mwambie fundi asiipige laini kama ya sebuleni. Aipitishie ufagio mgumu ikiwa bado mbichi, mistari ikifuata mteremko.

Mtaro wa mkojo ukae nje ya chumba, upande wa chini, na upana wake utoshe sepetu yako kupita. Hili la sepetu mafundi hulisahau, wanajenga mtaro mwembamba ambao hausafishiki ila kwa kumwaga maji, na hapo umerudi kule kule. Ufunike kwa mabati au vibao vinavyoinuliwa, na kabla haujafika kwenye tangi weka wavu wa chuma wa kuzuia vipande vya kinyesi na nyasi.

4. Wafundishe nguruwe pa kunyea

Watu wanamwita nguruwe mchafu, lakini akipewa nafasi hanyi anapolala. Huchagua pembe yenye unyevu, yenye baridi, mbali na malazi. Kazi yako ni kumchagulia pembe hiyo kabla hajajichagulia mwenyewe.

Siku unapoingiza kundi jipya, lowesha upande wa mtaro na uache pale kinyesi kidogo. Upande wa malazi uwe mkavu kabisa, na utandaze maranda au nyasi kavu. Chuchu ya kunywea maji ifungwe juu ya ule upande wa mtaro, kwa sababu hapo ndipo maji yatadondoka kila siku. Chakula kiwe upande wa malazi. Kwa siku tatu au nne za kwanza, yeyote aliyekosea pahali, zoa upesi na upakaushe, kisha kile kinyesi ukirushe kwenye pembe iliyochaguliwa. Baada ya hapo wanajiendesha.

Mpango huu huvunjwa na msongamano. Nguruwe wa kunenepesha anayekaribia kuuzwa anahitaji kama mita moja ya mraba. Ukijaza kumi kwenye chumba cha sita, hakuna pembe inayobaki kuwa choo, chumba chote kinakuwa choo. Joto nalo huharibu: mabati yakiwaka jua la Februari, nguruwe hujigaragaza kwenye mkojo kupoza mwili, na malazi ndiyo yanageuka choo. Acha uwazi wa hewa chini ya paa.

5. Zoa kwanza, osha baadaye

Asubuhi kabla ya chakula, ingia na sepetu na reki. Zoa kinyesi chote kikiwa kikavu, tia kwenye wilbaro, peleka kwenye lundo. Ukishazoa, ndoo moja au mbili na ufagio wa chelewa zinatosha kwa chumba. Mpira wa maji uuache kwa siku ya usafi mkubwa, mara moja kwa wiki au kundi likitoka.

Kuzoa kila siku kunakata pia uzazi wa nzi. Nzi wa nyumbani hukua kutoka yai hadi nzi mzima mwenye mabawa kwa siku saba hadi kumi kukiwa na joto. Kinyesi kikitoka sakafuni na kufunikwa kabla ya hapo, funza hawamalizi safari. Anayezoa Jumamosi kwa Jumamosi anafuga nzi pamoja na nguruwe, na nzi hao hawakai kwake tu.

Kuhusu harufu, kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu: makombo. Wanaolisha mabaki ya hoteli wanajua ule uji unaomwagika kando ya hori, ukichacha siku mbili, unanuka kuliko kinyesi. Toa mabaki ya chakula baada ya kila mlo, na uchambue mifuko, vijiti vya meno na vifuniko kabla ya kulisha, kwa sababu vyote hivyo huishia kwenye mbolea, na mkulima akikuta kisu cha plastiki kwenye gunia lako harudi. Makombo yachemshwe vizuri pia, kwa sababu ya ugonjwa nitakaoutaja mwishoni.

6. Mkojo uwe na tangi lake

Hapa udongo wa mtaa wako unaamua. Upande wa magharibi ya jiji, Dagoretti, Kangemi na Uthiru, udongo ni mwekundu na unapitisha maji. Upande wa mashariki, Embakasi, Utawala, Njiru na Ruai, ni ule mweusi wa kunata. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mkojo unazama humo bila kuchujwa. Masika unavimba, haupitishi chochote, na shimo lililochimbwa tu bila kujengewa linafurika kinyesi juu ya ardhi. Kwenye udongo huo usichimbe shimo la kunyonya. Jenga tangi la zege lililopigwa plasta, au zika tangi la plastiki.

Hata kwenye udongo mwekundu, shimo la kunyonya lisiwe jirani na kisima. Acha angalau mita 30, na kama ploti haitoshi mita 30, basi jibu ni tangi.

Kwa nguruwe kumi, mkojo pamoja na maji kidogo ya kuoshea hufika kama lita 50 kwa siku. Tangi la lita 1,500 linakupa mwezi mmoja, lakini chukua kubwa zaidi ili masika yasikukute limejaa. Lifunike vizuri. Harufu kali inayochoma macho ni amonia, na amonia inayopaa ni nitrojeni ya mbolea inayokupotea.

Mkojo huo unafaa sana kwa mabingobingo, migomba na miti ya matunda. Uchanganye na maji, sehemu moja kwa kumi, umwagie kwenye shina jioni, na usimwagie siku mawingu yamefunga. Usiutumie kwenye sukuma wiki, spinachi au managu yanayokaribia kuvunwa. Wengine huumwagia lundo la mboji linapokauka, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda kwa mtu asiye na shamba.

7. Lundo la mboji

Hii ndiyo hatua inayogeuza aibu kuwa pesa, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Kumwaga kinyesi kwenye kona ya ploti kwa miezi mitatu hakuzalishi mboji. Kinaoza bila hewa, kinanuka, na mayai ya minyoo yanabaki hai ndani yake. Mayai ya minyoo ya duara ya nguruwe yanaweza kudumu kwenye udongo kwa miaka. Kinachoyaua ni moto wa lundo lenyewe.

Ili lundo lipate moto linahitaji kitu kikavu chenye nyuzi. Kinyesi cha nguruwe kina nitrojeni nyingi na maji mengi. Peke yake kinajibana kama udongo wa kufinyanga, hewa haipiti. Changanya ndoo moja ya kinyesi na ndoo mbili za maranda, na ukiona kinyesi ni chepesi ongeza ya tatu. Maranda yanapatikana kwa maseremala na kwenye yadi za mbao za Gikomba, lakini uliza mbao zilizopasuliwa ni za aina gani: usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Makapi ya mchele, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na majani makavu yanafaa pia.

Lundo lisimame kwenye sakafu ya zege au nailoni nzito, chini ya paa. Liwe na urefu, upana na kimo cha mita moja au zaidi kila upande. Dogo kuliko hapo linapoteza joto usiku, na usiku wa Julai wa Nairobi si mchezo. Anza na tabaka la mabua chini ili hewa ipite, kisha mchanganyiko wako, na umalize kwa kufunika na maranda makavu unene wa kiganja. Tabaka hilo la juu ndilo linalozuia nzi na harufu, kwa hiyo kila unapoongeza kinyesi cha siku, kifunike siku hiyo hiyo.

Kupima unyevu, chukua konzi moja, ukamue. Maji yakichuruzika, ongeza maranda. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika kama vumbi, ongeza mkojo kutoka kwenye tangi. Donge likishikamana na kiganja kikabaki na unyevu tu, ni sawa.

Kupima joto, choma fito ya chuma hadi katikati ya lundo, iache kama robo saa, ichomoe na uishike. Ikikushinda kushika, lundo linafanya kazi. Unachotafuta ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15 hivi, na lundo ligeuzwe mara tano katika muda huo, ili kilichokuwa nje kiingie ndani kipate moto nacho. Kama una kipimajoto kirefu, bora zaidi. Baada ya hapo ligeuze mara moja kwa wiki au wiki mbili, likipoa liache likomae. Kwa jumla hesabu miezi miwili hadi mitatu. Mboji iliyoiva ina rangi ya udongo mweusi, haina harufu ya nguruwe, na haipashi fito moto tena hata ukiigeuza.

Utahitaji malundo mawili, ikiwezekana matatu: moja unalojaza, moja linalopika, moja linalokomaa. Anayeongeza kinyesi kibichi juu ya lundo lile lile kila siku hana siku ya kuvuna.

Kuna imani mitaani kwamba kinyesi cha nguruwe ndicho kinacholeta tegu, na wanunuzi watakuuliza. Tegu wa nguruwe mzima huishi kwenye utumbo wa binadamu, na mayai yake hutoka na kinyesi cha binadamu. Nguruwe huyameza, na vifuko vya mabuu hukaa kwenye nyama yake. Kwa hiyo usiunganishe choo cha nyumbani na lundo wala tangi la nguruwe, na usiwaache nguruwe wazurure nyuma ya vyoo vya mtaa.

8. Biogesi, kama hesabu inakubali

Biogesi ni gesi ya kupikia inayotoka kwenye kinyesi kinachooza bila hewa. Chini ya nguruwe wanane hivi usijisumbue. Wenye kumi na kuendelea, kinyesi cha siku cha kilo 25 kinaweza kuwasha jiko la meko moja saa mbili au tatu, na hilo ni sufuria ya githeri.

Mtambo wa mfuko wa plastiki ni rahisi kuuweka kwenye ploti ya kukodi kwa sababu unahamishika. Uweke mahali pa jua. Baridi ya huku juu hupunguza kasi ya gesi, kwa hiyo ukubwa wake utosheleze kinyesi kukaa humo siku 40 hadi 60. Uanzishe kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha ingiza cha nguruwe taratibu, ukikikoroga na maji kiasi sawa. Maji ya sabuni, ya dawa ya kuua viini, au kinyesi cha nguruwe wanaotibiwa kwa antibiotiki visiingie. Vinaua bakteria wanaokutengenezea gesi.

Wauzaji wa mitambo hawapendi kusema hili: biogesi haimalizi uchafu. Ukiingiza lita 50 asubuhi, lita 50 zinatoka upande wa pili. Zinanuka kidogo na ni mbolea nzuri, lakini bado zinataka shamba. Kama mkojo umekushinda pa kupeleka, mtambo utakuongezea mzigo.

Na usalama. Kinyesi cha nguruwe kinachooza bila hewa hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na mtu anaanguka. Usiingie kwenye tangi la mkojo wala mtambo, hata kuokota ndoo, na usimtume kijana wa kibarua. Mtu akianguka humo, usimfuate bila vifaa vya kupumulia. Mifuniko ifungwe kwa kufuli watoto wasifungue.

Utasikia pia habari za funza wa inzi askari mweusi. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe pale Kasarani imemtafiti sana mdudu huyu, na kweli hupunguza kinyesi upesi. Lakini funza waliokulia kwenye kinyesi usiwalishe nguruwe au kuku wako. Wa chakula cha mifugo wafugwe kwenye mabaki ya mboga na matunda ya Marikiti.

9. Sheria na majirani

Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015, kwa hiyo kufuga jijini kunatambuliwa, ila kwa masharti. Nenda ofisi ya kilimo na mifugo ya kaunti ndogo yako uulize masharti ya mtaa wako kabla hujajenga. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchafua, na kanuni za ubora wa maji za 2006 zilizuia ujenzi ndani ya mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa mengi kandokando ya mito ya Nairobi, kwa hiyo banda lililo karibu na mto Mathare au Ngong halina maisha. Usifungue manholi ya majitaka usiku kumwaga tangi. Maranda na kinyesi huziba bomba, na maji hufumuka kwenye choo cha jirani yule yule uliyekuwa unamkwepa.

Jirani mwambie mapema. "Mama, Jumamosi nageuza mbolea asubuhi, kutakuwa na harufu saa mbili hivi, usianike nguo" ni maneno machache, na yanazuia simu nyingi. Magunia yakisafirishwa yafunikwe na yafungwe. Wapo majirani ambao dini yao haitaki hata tone la nguruwe mlangoni, na hilo ni la kuheshimiwa bila mjadala.

10. Kuuza, na wakati wa kutouza

Wanunuzi ni wakulima wa mboga wa Kiambu na Wangige, na wenye vitalu vya miche na maua kando ya barabara kubwa. Uza iliyoiva tu. Ukilazimika kutoa mbichi, mwambie mnunuzi wazi aichimbie kwenye shamba la mahindi au mabingobingo, na kama ni mboga zinazoliwa mbichi, ipite miezi minne kabla ya kuvuna.

Mnunuzi asiingie bandani, na gari lake lisimame getini. Sababu ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, ambao hauna tiba. Virusi vyake husafiri kwenye nyama, damu, kinyesi, viatu na wilbaro ya kuazimana. Wilbaro yako usiiazime, na usiazime ya mwenzako.

Nguruwe wakianza kufa ghafla wakiwa na homa kali na masikio yaliyoiva wekundu au zambarau, funga geti. Gunia lisitoke, lundo lisiguswe, mzoga usitupwe wala usiuzwe kwa bei ya kutupa. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kinyesi kilichopo kikae pale pale kimefunikwa mpaka yeye aseme kizikwe wapi.